Nimeishika .375, na sijalala tangu juzi

Jamani, imefika! Naandika haya mkono mmoja ukinuka mafuta ya bunduki, bega la kulia lina alama ya zambarau upana wa kitumbua, na mama watoto ameshauliza mara mbili kama nakuja kulala au nimeoa mke wa chuma. Acha aulize. Miaka sita nimeziangalia bunduki hizi mabegani mwa watu wengine, na juzi hapa Kahama nimefungua sanduku la kwangu.

CZ 550 Safari Magnum, kaliba .375 H&H. Imetengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, kitako cha mti wa jozi, mtutu wa inchi 25, na nyuma ya mtutu kuna shabaha ya majani matatu: moja limesimama, mawili yanalala mpaka uyainue. Ni mkono wa pili. Mwindaji bingwa aliyestaafu aliiacha kwenye duka la silaha lenye leseni Dar es Salaam, na mimi nikaanza safari ya kibali: mtendaji wa kijiji, kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, polisi. Nilianza kufuatilia mahindi hayajapandwa, nikaipata yameshavunwa. Sasa ina kitabu chake, ina kabati lake la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, na ufunguo nauvaa shingoni kama hirizi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuivuta bolti nyuma, taratibu. Ukiwahi kufungua mlango wa sefu ya mnunuzi wa dhahabu, ule mzito usiopiga kelele, basi unaijua sauti hiyo. Nikarudisha mbele. Nikavuta tena. Mjomba wangu alikaa kwenye kigoda pembeni akininyamazia, yeye aliyekuwa askari wa wanyamapori, aliyetembea na BRNO 602, shangazi kabisa wa bunduki hii, miaka ya Operesheni Uhai ya kupambana na majangili. Mara ya ishirini akachoka.

"Mjomba, unaisaga hiyo au unaifanyia karasha?"

Karasha ndiyo kazi yangu. Nasaga mawe ya wachimbaji wadogo upande wa Masumbwe, mwamba unaingia mgumu unatoka unga. Mtu wa karasha anakijua chuma kizuri kwa kukisikiliza tu, na nawaambia, hiki ni chuma.

Sasa niwaonyeshe kitu kilichonifanya nipige ukelele. Kwenye bolti kuna ukucha mrefu wa chuma, wa mtindo wa Mauser ya mwaka 1898. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, ukucha unaudaka ukingo wa ganda palepale, kabla risasi haijaingia kwenye mtutu, na hauuachii mpaka uitupe nje. Nilichukua risasi za mazoezi zisizo na baruti, nikaigeuza bunduki juu chini, magazini ikitazama mawingu, nikakoki. Ikameza. Nikaigeuza ubavu. Ikameza. Mjomba akaniambia niivute bolti nusu, halafu niisukume tena, kosa wanalofanya watu mikono ikitetemeka. Bunduki nyingi hapo zingeokota risasi ya pili na kuikwamisha nyuma ya ya kwanza. Hii ikairudisha ileile ya kwanza mahali pake. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, tofauti hiyo ni ya mtu kurudi nyumbani na kutorudi.

Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya nyati. Nimeinunua kwa ajili ya pofu, na najua mtaniuliza, kwa nini mzigo wote huu kwa mnyama anayekula majani?

Huko Marekani kuna mnyama anaitwa elk, jamii ya kulungu wa nchi za baridi, pembe zimechanua kama mbuyu uliopukutisha majani. Wawindaji wa Colorado na Montana hubishana mwaka mzima bunduki ipi inamfaa. Huyu .30-06 ya mwaka 1906, yule .300 Winchester Magnum ya 1963, vijana wao siku hizi na 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007. Ugomvi wote huo ni kwa dume la kilo mia tatu na ushei! Pofu dume aliyekomaa ana kilo 600, na wapo wanaokaribia 900. Ana uzito wa fahali wa Kisukuma wawili, ngozi ya shingo nene kama mkanda wa mashine, na bado anaweza kuruka kizuizi cha mita 2 akiwa amesimama karibu nacho. Akishtuka hakimbii kwa fujo kama pundamilia. Anaondoka kwa mwendo wa mchakamchaka, kichwa juu, na mwendo huo anaweza kuushika mpaka jua lizame. Ukimjeruhi vibaya kwenye miombo ya magharibi mwa Kahama, ile inayoelekea pori la Kigosi, jiandae kutembea mpaka kesho, na aibu ukiwa umeibeba mgongoni.

Ndiyo maana .375. Kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912, na zaidi ya karne imepita hakuna aliyeleta kitu cha kuistaafisha Afrika. Kwa wanyama hatari kama nyati, kanuni zetu Tanzania zinaiweka kuwa kiwango cha chini. Kwa hiyo bunduki moja, kibali kimoja, na milango ya pofu na ya nyati yote imefunguka. Mtu akikutajia jina la Walter Bell wa Karamoja, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 ndogo ya Rigby, mwambie Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Wewe umepasua nini?

Risasi zenyewe nimezipima kwa mzani wa dhahabu. Sikuweza kujizuia! Kichwa cha grani 300 ni gramu 19.44, na risasi nzima, pamoja na ganda na baruti, ilisoma karibu gramu 40. Nilipima zote 20 za pakiti moja nikazipanga mstari mezani, nzito kushoto na nyepesi kulia, na tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo wanunuzi fulani hutuibia kwenye gramu tano. Kichwa hicho hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Nimechukua za sofuti, zile zenye risasi laini iliyoshikana na koti lake la shaba, zinazochanua ndani ya mnyama bila kusambaratika. Za solidi, zisizochanua, nazihifadhi kwa siku ya nyati. Kumpiga pofu kwa solidi ni kumtoboa kama sindano ya gunia, akapita upande wa pili akiendelea na shughuli zake.

Haya, kuifunga. Hapa ndipo watu wanapoharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Kabla bunduki haijafika nilikuwa nimeshanunua darubini. Kubwa! Mara 6 hadi 24, kioo cha mbele milimita 50, inang'aa kama taa ya lori. Muuzaji alinihakikishia kwamba utahesabu kope za mnyama. Nikaifunga mwenyewe usiku, kwa haraka, nikiwa nimeisogeza nyuma ili nione vizuri nikikaa sebuleni. Risasi ya kwanza nilipofyatua, bunduki ikarudi nyuma inavyorudi yote, na ukingo wa darubini ukanipiga juu ya nyusi. Damu mpaka kidevuni. Mjomba alicheka hadi akashika mti. Ana alama hiyohiyo, ya mwaka ambao hataki kuutaja. Na hata kama isingenipiga, darubini ile ilikuwa ya bure: ukilenga kichaka cha mita 30 kwa ukuzaji wa mara 6 unaona manyoya tu, hujui ni bega au ni paja, hujui hata ni dume au jike.

Sasa ipo darubini ndogo ya mara 1.5 hadi 5, bomba jembamba lisilo na tumbo mbele, na ina nafasi ya sentimita 9 hivi kati ya kioo na jicho. Inakaa chini, karibu na mtutu. Ukiiweka kwenye 1.5 unafungua macho yote mawili na unaona msitu mzima huku msalaba ukielea katikati yake. Nimemtazama swala jirani na shamba langu asubuhi hii, kwa darubini iliyofunguliwa kutoka kwenye bunduki, msiwe na wasiwasi, nikabaki nasema peke yangu kama mwehu.

Namna tulivyoifunga ni hii. Kwanza skrubu zote na matundu yake tukayafuta kwa spiriti, maana mafuta yakibaki humo hakuna skrubu itakayokaa mbele ya teke la .375. Tone dogo la gundi ya skrubu kwenye kila moja. Kisha bunduki ikawekwa juu ya meza, tukailaza pima maji ya fundi mwashi juu ya bunduki mpaka povu likatulia katikati. Mjomba akatundika timazi kwenye tawi la mwembe, hatua ishirini mbele yetu. Nikatazama ndani ya darubini, nikaizungusha kidogo kidogo mpaka ule mstari wa kusimama wa msalaba ukalala juu ya uzi wa timazi, mstari juu ya uzi, usiujue upi ni upi. Ndipo tukakaza, skrubu moja huku, nyingine kule, kwa zamu. Vifaa vya kujengea choo, ndugu zangu, na msalaba umenyooka kuliko wa duka lolote.

Kabla ya kuikaza darubini, hata hivyo, kuna jambo la mwili wako. Funga macho. Pandisha bunduki begani unavyojisikia. Fungua macho. Kama jicho lako halipo katikati ya darubini bila kunyoosha wala kukunja shingo, kitako hakikutoshi. Mimi ni mfupi, na kitako kilikuwa kirefu kidogo. Nikataka kumpelekea fundi wa vitanda vya mninga akipunguze. Mjomba aliniangalia kama mtu aliyependekeza kumkata ng'ombe mkia ili aingie zizini. Tukasogeza darubini sentimita moja, nikajifunza kusimama nimeelekeza kifua mbele zaidi, ikakaa. Kilichoongezwa ni mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushiwa kwenye pete za mkanda, kwa sababu chuma kikigongana na chuma porini pofu ameshafika wilaya ya jirani.

Uwanja wa kulengea tulioruhusiwa kuutumia hauna meza wala benchi la maana, kwa hiyo nilibeba mfuko wa marudio kutoka karashani. Mnajua marudio, ule mchanga laini unaobaki dhahabu ikishatolewa. Mzito, hautelezi, unakaa umbo unalolitaka. Hakuna mto wa kulazia bunduki duniani unaoufikia mfuko wa marudio, na Geita na Shinyanga tunao milima kwa milima! Laza juu yake mti wa mbele ya bunduki, mkono wako ukiwa kati. Mtutu wenyewe usiguse kitu, la sivyo kila risasi itaruka kivyake.

Tukatoa bolti nje, nikachungulia ndani ya mtutu mpaka nikaona karatasi ya mita 25 katikati ya tundu, kisha bila kuigusa bunduki nikausogeza msalaba uje palepale. Nikaziba masikio. Risasi ya kwanza: sentimita 6 kushoto. Darubini hii kila mbofyo ni sentimita 1 kwenye mita 100, kwa hiyo kwenye mita 25 ni robo yake. Mibofyo 24 kulia. Tak-tak-tak, unaihesabu kwa vidole kama mtu anayehesabu noti. Risasi ya pili ikaingia katikati.

Katikati! Nikaruka, mjomba akanivuta shati chini.

Kisha mita 100. Hapa nimeiacha ipige sentimita 5 juu ya kati kwa makusudi. Ikiwa hivyo, kwa hesabu ya grani 300, risasi inarudi kati kwenye mita 170 hadi 180, na kwenye mita 200 imeshuka sentimita chache tu. Maana yake, kuanzia miguuni pangu mpaka mita 200 nalenga mahali pamoja, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini, na sifikirii hesabu. Kwenye miombo mnyama mwenyewe utampata kwa mita 60, 80, mara chache 150. Anayekuhadithia pofu wa mita 400 mpe kiti akae, apumzike.

Tulipiga tatu tatu, tukiuacha mtutu upoe kivulini katikati, maana jua la Kahama saa sita mchana linapika chuma kabla baruti haijafanya hivyo. Kundi bora la tatu lilikuwa na upana wa sentimita 4. Sentimita nne kwa mita mia, bunduki ya nyati, mikono yangu hii! Kifyatulio chake kina siri: ukikisukuma mbele kinaingia kwenye hali ya wepesi, mguso mdogo tu kinaachia. Kwenye mfuko wa marudio ni raha isiyosemeka. Mjomba amenikataza kuigusa siri hiyo porini, na nimemwelewa, kwa sababu kidole kilichotembea kilomita 10 hakina uangalifu wa kidole kilichokaa.

Na usalama wake. Kwenye hii unasukuma mbele ndipo ifyatuke. Zile 602 za zamani alizobeba mjomba zilikuwa kinyume, unavuta nyuma. Miaka yote hii tangu astaafu, nilipompa aishike, dole gumba lake likavuta nyuma lenyewe. Akasimama. Akacheka peke yake, polepole, kama mtu aliyekutana na jina la mchumba wa zamani kwenye orodha ya mazishi. Akakaa nayo nusu saa tupu, bila risasi, anasukuma mbele, anarudisha, anasukuma mbele.

Hapana, si kila kitu ni asali. Ni nzito: pamoja na darubini, mkanda na risasi tano inakaribia kilo 5, na utaibeba siku nzima kwa ajili ya sekunde tatu. Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06. Baada ya risasi ya kumi na tano nilianza kufumba macho kabla ya kufyatua, nikajishika mwenyewe, nikaacha. Ukianza kufumba, acha siku hiyo, nenda kanywe soda. Na bei ya risasi, we acha tu. Pakiti ya 20 ni fedha ya vijana wa karasha siku kadhaa, ndiyo maana mazoezi yangu mengi ni ya kukoki na kulenga bila risasi, nyuma ya nyumba, kwenye miti mitatu niliyoifunga pamoja kwa tyubu ileile ya baiskeli. Kusimama na miti hiyo ndiko utakakofanya porini. Mfuko wa marudio hautakufuata Kigosi.

Vumbi nalo. La barabara ya kwenda Kakola linajua kuingia hata kwenye moyo wa mtu. Watu wanamwagia bunduki mafuta kama chapati, vumbi linashika, bolti inageuka mashine ya kusagia. Mimi nafuta mpaka ibaki kavu, utando mwembamba tu wa kuzuia kutu.

Babu wa mjomba alikuwa wa Bayege, chama cha wawindaji wa tembo cha Wasukuma, watu waliokwenda na dawa zao na nyimbo zao na, baadaye, magobore ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Nilimuuliza mjomba babu yake huyo angesema nini akiiona hii.

"Angeuliza risasi ngapi."

"Tano, na moja mtutuni."

"Angecheka. Yeye alikuwa na moja, kwa hiyo alisogea karibu." Akanyamaza kidogo. "Pofu utamsikia kabla ya kumwona, mjomba. Magoti yake yanalia, tak, tak, kama mtu anayevunja vijiti. Ukisikia hivyo usikimbilie bunduki. Kaa chini kwanza."

Jua likiwa linashuka nikampa risasi moja, zawadi. Alikataa mfuko, akakataa miti, akaikataa na darubini akisema hana haja ya runinga. Tukaifungua ikatoka. Mzee akasimama na shabaha ya chuma, lile jani moja lililosimama, akalitazama kopo la maziwa ya unga la mita 50 mbele ya tuta la udongo. Hakuharakisha. Nilimwona akipumua mara mbili, ya tatu akaikata nusu. Kopo likatoweka, halafu likaanguka mbali.

Alinirudishia bunduki bolti ikiwa wazi, ganda la moto akaliweka mfukoni mwake.

"Msimu unafunguliwa lini vile?" akauliza, yeye aliyeishi kwa kalenda hiyo maisha yake yote.

Julai 1, mjomba. Leseni nimeshaanza kuifuatilia.

Darubini nimeirudisha kesho yake asubuhi, na timazi, na pima maji, na itabidi niende tena uwanjani kuihakikisha kwa risasi tatu, eti nalalamika. Shida iliyobaki ni moja: mwenye plant ya kaboni, ile ya kutoa dhahabu iliyobaki, aliyenunua yale marudio amehesabu mifuko yake, ameona mmoja haupo, na amenipigia simu mara mbili.